Mlango wa Uani

Hakuwa mwizi.
Niliwaambia hivyo asubuhi ile, Barabara ya Tisa, Ngamiani,
ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
wamenizunguka: Semboja mhasibu,
Bi Mwanasiti mwenyekiti wa chama cha maziwa,
na mlinzi, ambaye hakuna aliyemwita.

Mama Shemweta wa Pongwe, ng'ombe wawili,
lita tisa kwa siku, saba kiangazi,
amelipwa mara kumi na moja
kati ya saa nane usiku na adhana ya alfajiri.
Simu ikilia, anashukuru.
Ya tano ilipolia aliacha kushukuru
akaanza kuogopa.

Nani kaingia? akauliza Semboja.
Buibui, nikasema.
Bi Mwanasiti akashika upindo wa vazi lake.
Siyo hilo, Bi.
Ni mdudu asiye na mwili, wa mashine za utafutaji,
anatembea usiku kurasa kwa kurasa,
kila anwani anaigusa tu,
kama mtoto na swichi ya taa.
Akalikuta faili langu la malipo limelala peupe.
Akaligusa, likaamka, likalipa.
Akapita tena.

Faili halijui nani kaliamsha.
Halina macho.
Lina mikono.

Nikageuza risiti, nikawachorea nyumba ya bibi yangu Chumbageni:
baraza, ukumbi, chumba, uani, jiko.
Mgeni hukaa barazani. Chai humfikia,
moto hauoni,
wala haendi kufunua sufuria kujua wali umeiva.
Mimi nilijenga mlango wa mbele, mzuri,
neno la siri la herufi kumi na mbili,
kisha jiko nikaliweka barabarani.

Na kufuli? akauliza mlinzi.
Kufuli lipo. Lipo mlangoni.

Akanyamaza, yeye peke yake aliyeelewa papo hapo.

Ulijua? (Bi Mwanasiti, taratibu.)
Nilijua. Mwaka juzi, siku mbili kabla ya malipo,
niliandika kijitabuni: *hamisha*,
nikapiga mstari chini yake, mara mbili.
Wanaambiwa wasioziba ufa.
Mimi ufa niliuona,
nikautundikia kalenda.

Usiku ule umeme ulirudi saa tatu.
Nikahamisha faili thelathini na nne
kutoka kabati la mbele, linaloonwa na dunia,
hadi chumba ambacho anwani yoyote haifiki.
Mbele nikaacha moja tu, la kupokea wageni.
Mawili yaligoma kuhama, ya zamani, yamefungamana na kila kitu.
Hayo nikayaandika kwenye paji la uso:
kama hukupitia mlangoni, kufa.
Ndivyo lugha ya mashine inavyosema,
haina *samahani*, haina *karibu siku nyingine*.

Kisha nikajifanya buibui.
Nikaandika anwani ya malipo, herufi kwa herufi,
nikabonyeza.
*Hairuhusiwi.*
Nimefukuzwa kwenye nyumba niliyoijenga kwa mkono wangu,
nikalala usingizi ambao sikuwa nao tangu mwaka juzi.

Kesho yake nikabandika karatasi juu ya mtambo:

*Mgeni apige hodi, asubiri barazani,*
*Aulizwe ana kadi, na ya nani, toka lini,*
*Asiyejua miadi, asiguse la jikoni,*
*Njia moja haizidi, ya uani ni ya ndani.*

Semboja akasoma, akahesabu kwa vidole.
Mizani imetimia, akasema.
Pesa bado.

Saa tano Mama Shemweta alipanda ngazi,
simu kaifunga kwenye leso kama kitu kinachoweza kumwagika,
malipo kumi yamo humo, hakugusa hata shilingi.
Mlango ulikuwa wazi, feni inazunguka,
sote tunamwona, naye anatuona.

Hodi, akasema.
Akangoja.